Mabinti Walioanza Kuuliza: Ujerumani Magharibi Ndani ya Tamthilia ya Ku'damm

Machi 2016, kituo cha televisheni cha ZDF nchini Ujerumani kilirusha tamthilia ya sehemu tatu iitwayo Ku'damm 56. Jina limetokana na Kurfürstendamm, barabara ya maduka, mikahawa na majumba ya sinema iliyokuwa uso wa Berlin Magharibi. Wenyeji huifupisha na kuiita Ku'damm. Nambari ni mwaka: 1956. Baada ya miaka miwili ikafuata Ku'damm 59, na mwaka 2021 Ku'damm 63. Mtunzi wake, Annette Hess, hakumweka mwanasiasa wala jemadari katikati ya kisa. Alichagua nyumba moja. Ndani yake yumo Caterina Schöllack, mwenye shule ya dansi iitwayo Galant, na mabinti zake watatu: Helga, Eva na Monika. Lengo la mama halifichiki. Anataka kuwaoza wanawe kwa wanaume wenye vyeo na mali kabla majirani hawajaanza kusema.

Anayeitazama tamthilia hii juu juu ataona ugomvi wa siku zote baina ya mama mkali na binti mkaidi. Lakini ukali wa Caterina una historia yake, na ukimya wa nyumba ile una sababu zinazoweza kutajwa mwaka kwa mwaka. Mama alijifunza kuishi kwa kunyamaza. Binti akakuta hawezi kuishi bila kuuliza. Kilichowatenganisha hakikuwa tabia. Ni mambo yaliyoipata nchi yao, na mambo ambayo nchi yao iliwatenda wengine.

1945–1948: Miji iliyobaki na wanawake

Vita vilipokwisha Ulaya tarehe 8 Mei 1945, miji mikubwa ya Ujerumani ilikuwa vifusi. Mamilioni ya wanaume walikuwa wamekufa, wamepotea, au wameshikwa mateka kuanzia Ufaransa hadi Siberia. Sensa ya mwaka 1946 ilionyesha wanawake wakiwazidi wanaume kwa takriban milioni 7. Chakula, kuni, paa la nyumba, masomo ya watoto, yote yaliangukia mikononi mwa wanawake.

Berlin iliona sura ya hali hiyo kuliko miji mingine. Wanawake wapatao 60,000 walifanya kazi ya kuondoa vifusi. Walijipanga mstari mrefu, ndoo zikipita mkono kwa mkono kutoka juu ya lundo hadi barabarani. Mwishoni mwa mstari wengine waliketi na nyundo wakibandua chokaa iliyoganda kwenye tofali moja moja, kisha wakayapanga matofali safi tayari kwa kujengea. Miaka ya baadaye picha zao zikawa nembo ya taifa na sanamu zao zikasimamishwa mijini. Wanahistoria wamepunguza chumvi katika simulizi hiyo, kwa kuwa katika miji mingi kazi kubwa ilifanywa na makampuni na mashine, na mahali pengine waliokuwa wanachama wa chama cha Nazi walilazimishwa kuifanya kama adhabu.

Aliyetaka kujua kwa nini mwanamke wa Berlin alikubali kubeba ndoo za mawe angepata jibu kwenye kadi ya mgawo wa chakula. Kadi zilikuwa na madaraja matano, na mama wa nyumbani aliwekwa la tano, la chini kabisa. Mgawo wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba watu waliiita kadi ya kupaa mbinguni. Aliyefanya kazi ya vifusi alipanda hadi daraja la pili. Hivyo wengi hawakwenda kwenye vifusi kwa ajili ya utukufu wa taifa. Walikwenda kwa sababu watoto walikuwa na njaa.

Katika majira hayo hayo kulitokea jambo ambalo karibu kila nyumba ya Berlin ililifahamu na karibu hakuna aliyelisema. Majeshi ya Kisovieti yalipoingia, wanawake walibakwa kwa wingi mno. Katika Ujerumani nzima wanahistoria wanazungumzia mamia ya maelfu. Mwanamke mmoja wa Berlin aliandika shajara ya wiki hizo bila kutaja jina lake. Ilichapishwa kwanza Marekani mwaka 1954, na kwa Kijerumani mwaka 1959. Wajerumani waliipokea kwa hasira. Mwandishi alishutumiwa kwamba ameichafua heshima ya wanawake wa Kijerumani, naye akakataza isichapishwe tena akiwa hai. Ilitoka upya mwaka 2003, na safari hii ikasomwa na umma mkubwa.

Lakini maumivu hayakuwa sababu pekee ya kunyamaza. Mamilioni ya wanawake walikuwa wamejiunga na jumuiya za wasichana na za akina mama zilizoendeshwa na chama cha Nazi. Wengine walikuwa watumishi ndani ya kambi za mateso. Wengine waliona jirani Myahudi akichukuliwa, kisha wakanunua samani zake kwa bei ya kutupa. Mama wa mwaka 1945 alikuwa na jambo alilotendewa na jambo alilolitenda au kulifumbia macho, na hakuweza kulisema moja bila kuulizwa jingine. Alinyamazia yote mawili, na ukimya huo ndio waliourithi wanawe.

1948–1949: Sentensi moja ya Elisabeth Selbert

Wakati wanawake wakiendesha miji, wanaume walikutana Bonn kuandika katiba ya dola mpya ya magharibi. Baraza lilikuwa na wajumbe 65, na wanne kati yao walikuwa wanawake: Elisabeth Selbert, Friederike Nadig, Helene Weber na Helene Wessel.

Selbert alikuwa mwanasheria kutoka Kassel, mwanachama wa chama cha Social Democrats. Katika kesi za talaka alizosimamia alikuwa ameona namna sheria ilivyomweka mke chini ya mume. Hakutaka kurudiwa kwa katiba ya mwaka 1919, iliyowapa wanawake haki na wajibu wa uraia tu na kuliacha jambo la nyumbani kama lilivyo. Alitaka katiba itamke kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa, bila masharti. Wajumbe wengi walishtuka. Walijua kwamba maneno hayo yakipita, sehemu kubwa ya sheria za ndoa, mali na watoto, zilizotumika tangu mwaka 1900, zingeporomoka. Hata ndani ya chama chake kulikuwa na waliosita kwa hofu ya vurugu mahakamani. Desemba 1948 pendekezo likakataliwa katika kamati kuu.

Selbert akatoka nje ya ukumbi. Alizunguka akihutubia mikutano na kuzungumza na jumuiya za wanawake. Barua na telegramu zikaanza kumiminika Bonn kutoka vyama vya wafanyakazi, wanawake wa viwandani, madiwani na wanawake wa kawaida. Wapiga kura wengi wa nchi ile walikuwa wanawake, na wanasiasa hawakuhitaji kukumbushwa. Tarehe 18 Januari 1949 kamati ilipiga kura tena na pendekezo likapita. Katiba hiyo, iliyoitwa Sheria ya Msingi, ilipotangazwa tarehe 23 Mei 1949, usawa ulikuwa ndani ya ibara ya 3.

Hata hivyo, katiba hiyo hiyo iliweka kipindi cha kungoja. Sheria za zamani zilizopingana na usawa zingeendelea kutumika hadi tarehe 31 Machi 1953. Bunge lilipewa karibu miaka minne kuzirekebisha.

1950–1958: Mume arudi, sheria imsubiri

Muda huo ulipita na bunge halikufanya lolote. Kuanzia Aprili 1953 majaji waliachiwa waamue wenyewe, kesi kwa kesi. Uzembe huo haukuwa wa bahati mbaya. Serikali ya Kansela Konrad Adenauer, yenye wafuasi wengi miongoni mwa Wakristo wahafidhina, iliamini kwamba nchi iliyovunjika itasimama tu ikiwa familia itasimama, na kwa familia walimaanisha baba mwenye amri na mama wa nyumbani. Wizara ya familia iliundwa mwaka 1953, na waziri wake wa kwanza, Franz-Josef Wuermeling, aliitetea imani hiyo kila alipopanda jukwaani.

Sheria ya zamani ilimpa mume kauli ya mwisho katika kila jambo la maisha ya ndoa, pamoja na wapi familia itaishi. Mume ndiye aliyesimamia mali ambayo mke alikuja nayo. Aliweza hata kuvunja mkataba wa kazi wa mkewe, akipata kibali cha mahakama, kwa hoja kwamba kazi hiyo inadhuru nyumba. Mwanamke aliyebeba matofali mwaka 1946 na kulisha watoto watatu peke yake alirudishwa chini ya mamlaka ya mtu ambaye huenda hakumwona kwa miaka kumi.

Wanaume walirudi kwa mafungu. Septemba 1955 Adenauer alikwenda Moscow, na baada ya mazungumzo hayo mateka wa mwisho, wapatao 10,000, wakaachiwa. Watoto walikuta mgeni mwembamba, mkimya na mwepesi wa hasira ameketi kwenye kiti cha baba. Mama aliambiwa amvumilie, ampe nafasi, apunguze sauti.

Uchumi ulisukuma upande huo huo. Tangu fedha mpya ilipoanza kutumika Juni 1948, maduka yalijaa na viwanda vikafufuka. Jokofu na mashine ya kufulia viliingia majumbani, na matangazo ya biashara yakamwonyesha mke aliyevaa aproni safi akimsubiri mume mlangoni. Kwa wanawake waliokuwa wamechoka, taswira hiyo haikuwa gereza tupu. Ilikuwa pia ahadi ya kupumzika. Tusipolielewa hilo hatutamwelewa Caterina, ambaye kwake ndoa njema ya binti ni bima dhidi ya njaa aliyoijua mwenyewe.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda vingine. Serikali ya kikomunisti ilihitaji wafanyakazi, kwa hiyo ikawaita wanawake viwandani na kujenga vituo vya kulelea watoto. Jiko, hata hivyo, lilibaki la mwanamke, sasa baada ya zamu ya kiwandani. Kabla ya Ukuta wa Berlin kujengwa, mtu wa mji huo aliweza kuvuka kutoka dunia moja hadi nyingine kwa treni ya mjini. Hess ameutumia ukweli huo kwa ustadi: baba wa akina Schöllack, anayedhaniwa amepotelea vitani, kumbe anaishi mashariki ya mji huo huo na mwanamke mwingine.

Sheria ya usawa ilipitishwa mwaka 1957 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1958. Kauli ya mwisho ya mume ikafutwa katika mambo ya ndoa. Lakini mke aliruhusiwa kufanya kazi pale tu ilipopatana na wajibu wake kwa ndoa na familia. Baba naye alibakishiwa neno la mwisho kuhusu watoto, mpaka Mahakama ya Katiba ilipolibatilisha tarehe 29 Julai 1959. Miongoni mwa majaji wake alikuwamo Erna Scheffler, mwanamke wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo.

1956: Shule ya dansi Galant

Katika hali hiyo ndipo tamthilia inapoanza. Monika anarudi nyumbani kwa aibu baada ya kufukuzwa chuo cha maarifa ya nyumbani, mahali palipokusudiwa kumwandaa awe mke. Helga, mkubwa, anaolewa na Wolfgang von Boost, mwanasheria wa familia yenye jina. Eva, muuguzi, anamlenga profesa wa magonjwa ya akili, bosi wake, mtu mzima kuliko yeye kwa miaka mingi. Mpango wa mama unaonekana kukamilika, isipokuwa kwa Monika.

Shule ya dansi haikuchaguliwa kama pambo. Vijana wa tabaka la kati walipelekwa huko kujifunza waltz, na pamoja nayo namna ya kuinama, kuomba mkono, kusubiri kuombwa na kukaa kitini. Mvulana huongoza, msichana hufuata. Mgongo wima, kidevu juu, umbali unaofaa. Caterina anapokwenda ukumbini akirekebisha viwiko vya wanafunzi, mtazamaji anaona sheria ya ndoa ikifundishwa kwa miguu.

Kisha inaingia rock'n'roll. Ilifika Ujerumani kwa redio za askari wa Marekani, kwa santuri na kwa filamu. Mwaka 1956 filamu Die Halbstarken, iliyomtoa nyota Horst Buchholz, iliwaonyesha wazazi kizazi wasichokitambua: vijana wa kiume waliovaa jaketi za ngozi na kurandaranda kwa pikipiki. Oktoba 1958 Bill Haley alipopiga katika ukumbi wa Sportpalast, Berlin Magharibi, onyesho liliishia kwa viti kuvunjwa na polisi kuingilia. Magazeti yaliandika kana kwamba maadili ya nchi yameanguka.

Monika anaikuta rock'n'roll mikononi mwa Freddy Donath, mwanamuziki Myahudi aliyenusurika kambi ya mateso. Katika dansi hii msichana haongozwi kama kwenye waltz. Anaruka, anazunguka, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza mwili wake si mali inayosubiri mnunuzi. Freddy anacheza kwa sababu yuko hai. Watu wa nyumba ile wanacheza ili wasikumbuke. Sonja Gerhardt, aliyeigiza Monika, anaionyesha tofauti hiyo bila hotuba: bega lililokuwa limeinama katika sehemu ya kwanza linanyooka taratibu, sehemu baada ya sehemu.

Uzuri huo umetanguliwa na jambo baya. Monika amebakwa na Joachim Franck, mwana wa tajiri wa viwanda. Nyumbani hapati haki. Kwa mama, hesabu ya kwanza ni jina la familia, na kijana wa nyumba ya kitajiri anabaki kuwa mchumba anayefaa. Claudia Michelsen hakumwigiza Caterina kama mtu katili. Amemwigiza kama mwanamke ambaye wakati fulani aliamua kwamba mambo ya namna hiyo hayasemwi, na hajui tena njia ya kurudi nyuma. Mtazamaji anayekumbuka shajara ya Berlin ya mwaka 1945 ataelewa uamuzi huo ulitoka wapi.

Helga naye anafungwa na sheria nyingine. Wolfgang anawapenda wanaume. Ujerumani Magharibi iliendelea kutumia kifungu cha 175 cha sheria ya jinai, kilichoharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume, kama Wanazi walivyokikaza mwaka 1935, na Mahakama ya Katiba ilikibariki mwaka 1957. Hadi kilipolegezwa mwaka 1969, watu wapatao 50,000 walihukumiwa. Ndoa ya Helga ni maficho ya mume, na gharama yake anailipa mke asiyejua kwa nini hapendwi.

Chini ya yote hayo kuna sakafu yenyewe ya ukumbi. Shule ile ilikuwa mali ya Wayahudi. Hapo tamthilia inagusa historia halisi ya barabara. Kabla ya mwaka 1933 Kurfürstendamm ilikuwa na maduka, mikahawa na kumbi nyingi za wafanyabiashara Wayahudi. Septemba 1931 genge la Wanazi liliwapiga wapita njia waliodhaniwa kuwa Wayahudi hapo hapo barabarani, na Novemba 1938 madirisha ya maduka yao yalivunjwa. Mali zilibadilishwa majina, na warithi wapya wakaendelea na biashara. Heshima ambayo Caterina anailinda kwa nguvu zote imejengwa juu ya wizi.

1959: Mtoto asiye na baba kisheria

Katika awamu ya pili Monika ni mwimbaji anayepanda chati akiwa na Freddy, lakini binti yake, Dorli, analelewa na Helga na Wolfgang kama mwana wao. Kwa mtazamaji wa leo mpango huo unaonekana wa kikatili. Kwa sheria ya siku zile ulikuwa njia ya kumwokoa mtoto. Aliyezaliwa nje ya ndoa aliwekwa chini ya uangalizi wa ofisi ya ustawi wa vijana. Mama yake hakuwa na mamlaka kamili juu yake. Baba na mtoto wa namna hiyo hawakuhesabiwa kuwa ndugu mbele ya sheria, hata kama sura zao zilifanana. Hali hiyo ilibadilishwa Julai 1970. Mwenye nyumba aliyewapangisha chumba wapenzi wasiooana naye aliweza kushtakiwa kwa kuendekeza uzinzi.

Wakati huo huo sinema na nyimbo za mapenzi ziliuza ndoto tamu za milima, maua na pwani za Italia, na studio za Berlin Magharibi zilikuwa na kazi nyingi. Monika anagundua kwamba hata kipaji kikishakubaliwa, wanaume wa studio wanataka kukivisha gauni la binti mtiifu.

1961–1965: Kidonge, ukuta na kizimba

Mambo matatu yaliyofuata yaliharakisha mabadiliko. Juni 1961 kampuni ya Schering ya Berlin ilianza kuuza Anovlar, kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba Ujerumani. Mwanzoni kilitangazwa kama dawa ya matatizo ya hedhi, na madaktari wengi walikitoa kwa wanawake walioolewa na wenye watoto tu. Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguka. Binti wa miaka ya 1960 aliweza kupanga jambo ambalo mama yake alingoja tu limkute.

Agosti 13 mwaka huo huo ukuta ukajengwa, na familia za Berlin zikakatwa katikati. Ku'damm ikawa dirisha la maduka la mji uliozingirwa. Kando ya mnara uliovunjika wa kanisa la Gedächtniskirche, uliopigwa bomu mwaka 1943, kanisa jipya la vioo vya buluu lilizinduliwa mwaka 1961, na watu wa mji waliutaka ule mnara uachwe ulivyo.

La tatu lilitokea Frankfurt. Tarehe 20 Desemba 1963 ilianza kesi dhidi ya watumishi wa kambi ya Auschwitz. Aliyeisukuma ni Fritz Bauer, mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo la Hesse, Myahudi aliyerudi kutoka uhamishoni Denmark na Sweden. Zaidi ya manusura 200 walitoa ushahidi. Kilichowashtua vijana waliofuata kesi hiyo kilikuwa sura za washtakiwa. Victor Capesius alikuwa na duka la dawa Göppingen. Robert Mulka alikuwa mfanyabiashara Hamburg. Walifanana na baba, na mjomba, na jirani anayesalimia ngazini. Swali la kesi likahamia kwenye meza za chakula: wewe ulikuwa wapi, na ulifanya nini?

Hess aliirudia kesi hiyo katika riwaya yake Deutsches Haus ya mwaka 2018, ambayo baadaye ilifanywa tamthilia. Mhusika wake mkuu, Eva Bruhns, ni mkalimani kijana anayewatafsiria mashahidi wa Kipolandi mahakamani, na kwa kufanya hivyo anaanza kuifahamu historia ya wazazi wake. Ndiyo mada ile ile ya Galant, safari hii bila muziki wa kuifunika.

1967–1977: Kutoka nyumbani hadi barabarani

Tarehe 2 Juni 1967 polisi alimpiga risasi mwanafunzi Benno Ohnesorg katika maandamano Berlin Magharibi. Aprili 11, 1968, kiongozi wa wanafunzi Rudi Dutschke alipigwa risasi akiwa Kurfürstendamm, akaponea chupuchupu. Novemba mwaka huo Beate Klarsfeld alimzaba kofi Kansela Kurt Georg Kiesinger hadharani, kwa kuwa kansela huyo alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Kizazi kilichoambiwa kinyamaze sasa kilipiga kelele.

Lakini kelele hizo nazo zilikuwa na mpaka wake. Katika mkutano wa umoja wa wanafunzi wa kisoshalisti, Frankfurt, Septemba 1968, Helke Sander aliwaambia wanaume kwamba wanahubiri ukombozi huku wakiwaachia wanawake watoto na jiko. Mwenyekiti alipotaka kuendelea na ajenda kana kwamba hakuna lililosemwa, Sigrid Rüger aliyekuwa ukumbini alirusha nyanya, na moja ikampata mmoja wa viongozi. Baada ya hapo vikundi vya wanawake vilianza kuundwa mji baada ya mji.

Juni 1971 jarida la Stern lilichapisha tamko la wanawake 374 waliokiri kwamba wamewahi kutoa mimba, jambo lililokuwa kosa la jinai. Aliyeliandaa ni mwandishi wa habari Alice Schwarzer. Uzito wa tamko hilo ulikuwa katika majina yenyewe. Kitu ambacho wanawake walikuwa wakikisema jikoni kwa kunong'ona kiliwekwa gazetini na waliokifanya wakasimama nyuma yake.

Tarehe 1 Julai 1977 sheria mpya ya ndoa ilianza kutumika. Kifungu kilichomfanya mke kuwa mtumishi wa nyumba kwa amri ya sheria kikaondolewa, na talaka haikuhitaji tena kumtafuta mwenye kosa. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu Selbert ashinde kura yake, naye alikuwa hai kuliona hilo. Alifariki mwaka 1986.

Televisheni yachukua nafasi ya mama

Historia hii ilichelewa kufika kwenye televisheni. Januari 1979 tamthilia ya Kimarekani Holocaust ilipoonyeshwa Ujerumani Magharibi, watazamaji wapatao milioni 20 waliifuatilia, na simu zikafurika vituoni kutoka kwa watu waliotaka kusema, wengine kwa mara ya kwanza. Mwaka 1984 Edgar Reitz alitoa Heimat, simulizi ndefu ya kijiji kimoja cha Hunsrück, ikimfuata mwanamke aitwaye Maria tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hadi uzee wake. Njia ilikuwa imefunguliwa kwa Ku'damm, iliyofanya meza ya chakula na chumba cha kulala kuwa uwanja wa historia. Mwaka 2021 ilipata hata sura ya jukwaani, mchezo wa muziki katika Theater des Westens, hatua chache kutoka barabara yenyewe.

Tamthilia hii ina dosari na ni haki kuzitaja. Freddy na mateso yake mara nyingi yamewekwa ili Monika aamke, ilhali yeye mwenyewe alistahili kisa chake. Na hatua ya kumgeuza Joachim, mbakaji, kuwa mpenzi na hatimaye mume wa Monika imewakera watazamaji wengi, nami ni mmoja wao. Inampa mama ushindi ambao sehemu ya kwanza ilikuwa imemnyima kwa haki.

Hata hivyo, dosari hiyo inaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Ujerumani Magharibi ilificha mengi kwa wakati mmoja: maumivu ya wanawake, hatia yao, na mali ya watu walioangamizwa. Waliofichua hawakuwa wabunge, waliopewa miaka minne na kuipoteza. Walikuwa waandikaji wa barua za mwaka 1949, mashahidi wa Frankfurt, wanawake 374 wa Stern, na mabinti wasio na majina waliokataa jibu la "hayo yamepita".

Na hesabu ilichukua muda mrefu kuliko tamthilia inavyoweza kuonyesha. Lau Monika angeolewa na Joachim mwaka 1956 kama mama yake alivyotamani, lolote ambalo mumewe angemlazimisha kitandani lisingehesabiwa kuwa ubakaji mbele ya sheria. Ubakaji ndani ya ndoa ulifanywa kosa kamili la jinai Ujerumani mwaka 1997, baada ya mjadala wa miaka mingi ambapo wabunge wanawake wa vyama mbalimbali waliungana. Wakati huo msichana wa Galant angekuwa amekwisha kuwa bibi. Ndiyo maana kisa cha nyumba moja ya Ku'damm kinastahili kusomwa pamoja na vitabu vya sheria: mabinti walibadilika kwanza, na dola ikawafuata nyuma kwa miongo minne.